Waliotembea Kupita Kiasi: Risala kwa Daktari wa Mishipa ya Fahamu

KUKUKARIBISHA

Mgeni rasmi, Dakta Gervas, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu kutoka nyumbani Tanzania. Mwenyekiti wetu, Bwana Simiyu. Ndugu na marafiki. Na ninyi watoto wetu ambao Kiswahili mnakisikia vizuri sana ila mkiulizwa jambo mnajibu kwa Kiingereza: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za mchana.

Tunajua umekuja Washington kwa mkutano wa wiki moja, na leo ndiyo siku yako pekee ya mapumziko. Umekubali kuimalizia hapa Hyattsville, katika ukumbi wa kanisa tulioazimwa. Tumeuchagua kwa sababu hauna ngazi. Tunakuomba radhi kwamba ulipoingia hatukusimama. Huo si utovu wa adabu, na wazazi wetu walitulea vizuri. Kutosimama kwetu ndilo jambo tulilokuitia.

SISI NI NANI

Tuko kumi na tisa, kutoka Tanzania, Kenya na Kongo. Wengi wetu tunahudumia wazee na wagonjwa, wengine wako kwenye maghala ya Landover, wawili wako maofisini. Sote tuliugua polio tukiwa watoto, sote tulipona, na sote tulidhani habari yake imeishia hapo.

Kikundi kilianza mwaka 2003, kwenye harusi. Wachache wetu tulikuwa meza moja ya nyuma, tukagundua tunalalamika kitu kilekile. Mguu uliokuwa mzima umeanza kutetemeka kwenye ngazi. Mkono hauinui tena sufuria ya ugali. Saa nne asubuhi mwili umechoka kama umelima tangu alfajiri, na baridi ya Januari ikishaingia kwenye mifupa haitoki. Miaka thelathini na zaidi baada ya kupona! Tukatafuta sababu palepale mezani, na tukaipata bila daktari: tumezembea. Marekani imetudekeza, gari huku, lifti kule. Dawa ni kutembea.

Mgeni rasmi, usitucheke. Sisi tulikuzwa kwa neno moja, jitahidi. Hospitalini, mtoto aliyetupa gongo lake alipigiwa makofi na wodi nzima, na aliyelililia aliambiwa aangalie wenzake. Makofi yale hatujayasahau.

Basi kila Jumamosi tukawa tunakutana kwenye maegesho makubwa karibu na uwanja wa mpira, Landover, tunazunguka. Mwenyekiti alikuwa na filimbi. "Songa, songa! Usigive up bana, bado round moja tu!" Tukajiwekea na sheria: wa kwanza kukaa chini analeta maandazi Jumamosi inayofuata.

Mwenzetu Leokadia, mzaliwa wa Muleba, mhudumu wa wazee hapahapa Hyattsville, alileta maandazi Jumamosi sita mfululizo. Yalikuwa laini, yana iliki. Tukayasifia. Tukamtania kwamba anakaa makusudi ili atulishe. Katika wenzake kumi na wanane hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini anakaa.

Jumamosi ya saba alikaa kwenye lami akasema, "Jamani, mguu umekataa." Mwenyekiti akapuliza filimbi, nasi tukapiga makofi. Leokadia akanyanyuka, akamaliza mzunguko. Mwenyekiti ameiona sentensi hii kabla hatujaisoma, na ndiye aliyetaka iwemo.

TULICHOKUJA KUKIELEWA

Mwangaza ulitujia kwa Bridget, muuguzi wetu kutoka Kenya. Alikuwa akimhudumia bibi mmoja wa Kimarekani aliyeugua polio mwaka 1952. Bridget akamsimulia kwa fahari juu ya mizunguko yetu. Bibi akaweka kijiko chini, akamuuliza ni nani aliyetuagiza kujiua. Kisha akamwonesha kijitabu cha waliopona polio alichokuwa nacho kabatini.

Ndipo tulipomtafuta daktari wa mishipa ya fahamu. Alituchoma sindano kwenye misuli na kuipima kwa umeme, akatafuta kwanza magonjwa mengine yote na kuyaondoa moja moja. Mwishowe akatupa jina: athari za baada ya polio. Wewe unayajua haya kuliko sisi, lakini tunayasoma kwa ajili ya ndugu zetu waliokaa humu, ambao bado wanatuambia tukaze roho.

Polio haikutupiga miguuni. Ilitupiga ndani ya uti wa mgongo, ikaua seli za neva zinazoamrisha misuli. Seli zilizobaki hazikukubali misuli ile ife. Zilichipua matawi mapya, zikaichukua misuli iliyofiwa, zikaifanyia kazi pamoja na ya kwao. Hivyo ndivyo tulivyopona. Wenzetu wa kwenye nyumba za wazee wataelewa haraka: ni mhudumu mmoja aliyebaki na wagonjwa wa wenzake wanne ambao hawakuja kazini, na zamu yake haijabadilishwa kwa miaka thelathini. Sasa matawi yale yanakatika kwa uchovu. Virusi havijarudi, na hatumwambukizi mtu. Sisi si wavivu. Ni neva zilizofanya kazi kupita kiasi, na kila tulipozunguka maegesho yale tulikuwa tunazimalizia.

Daktari alitupa agizo ambalo hakuna mtu aliyewahi kutupa tangu tuzaliwe. Alisema, pumzikeni kabla hamjachoka. Tulipotoka pale, watu wazima, tulilia kwenye maegesho ya hospitali.

MAFANIKIO

Hatuzunguki tena. Tunakutana tumekaa. Wanne wamepata vyuma vipya vya miguu, na wanaohitaji mazoezi wanafanya yale mepesi waliyopangiwa, wakiacha mapema. Mwenyekiti analala saa nzima baada ya chakula cha mchana kwa amri ya daktari, na mkewe ameacha kumsema mbele ya wageni. Haya ni mafanikio makubwa kuliko yanavyosikika.

CHANGAMOTO

Madaktari vijana wa hapa hawajawahi kuona polio. Mmoja alimwita mwenzake aje amtazame Leokadia, kisha wote wawili wakamwandikia dawa ya huzuni. Nyumbani nako kuna wanaosema tumerogwa, na wanaosema tumenenepa.

Lakini changamoto kubwa, Mgeni rasmi, haimo kwenye kijitabu cha yule bibi. Tunatamani kwenda nyumbani na tunaogopa kuonekana.

Tueleze habari za Leokadia, maana ametangulia mahali ambapo wengi wetu tunaelekea. Aliugua mwaka 1965, akiwa na miaka minne. Mama yake, Bibi Dorothea, alimbeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, akalala chini ya kitanda chake miezi mitano. Alimwomba Mungu kitu kimoja tu, mtoto atembee. Alitembea. Siku ya kipaimara alikwenda mpaka altareni bila gongo, na mama yake akapiga vigelegele ndani ya kanisa mpaka padri akanyamaza kumsubiri.

Bibi Dorothea sasa ana miaka themanini na mmoja. Leokadia yuko kwenye kiti cha magurudumu tangu mwaka jana, na nyumbani hajakwenda tangu 1998. Kila Jumapili anapiga simu, na kila Jumapili mama anauliza, "Unatembea?" Naye anajibu, "Natembea, mama."

Nasi tumemsaidia kudanganya. Mama alipoomba picha, tulimsimamisha Leokadia kando ya gari, wawili wetu tukainama nyuma yake tukimshikilia kiunoni, na kitenge tukakitandaza kuficha mikono yetu. Picha ilitoka nzuri. Tumeambiwa imetundikwa sebuleni. Tangu siku hiyo Leokadia amezidi kuiogopa safari ya nyumbani, kwa sababu sasa anapaswa kufika akiwa kama yule mwanamke wa kwenye picha, na hawezi. Anaikumbuka harufu ya kahawa ikianikwa. Anamkumbuka mama yake kiasi kwamba akiosha miguu ya wazee wa watu kazini, naye yuko kwenye kiti chake, anatazama pembeni. Anasema, "Mama alinibeba ili nitembee. Nitamwonesha nini?"

MAOMBI

Kwanza, ukirudi, uwafundishe wauguzi na wanaofanyisha watu mazoezi kwamba aliyepona polio akisema mguu umekataa, aaminiwe. Wapo maelfu nyumbani wanaoambiwa wajitahidi.

Pili, utuandikie karatasi moja ya Kiswahili chepesi, yenye jina lako na cheo chako, isemayo kwamba huu ni ugonjwa wa neva. Sisi wenyewe tukisema, tunaonekana tunajitetea.

Ombi la tatu si la kikundi. Tumesikia kwamba Desemba utakuwa kwenu Muleba kwa sikukuu. Kutoka kwenu mpaka kwa Bibi Dorothea si mbali. Tunakuomba umfikie kabla ya binti yake. Umweleze kwa Kihaya, kwa mdomo wa daktari, kwamba polio haikurudi, kwamba sala yake haikukataliwa, na kwamba hakuna aliyemroga mtoto wake. Mwambie pia kuhusu ile picha, kwamba kosa ni letu.

Tulipomwonesha Leokadia rasimu ya risala hii alituamuru tuifute sehemu hii yote. Siku nane hakupokea simu zetu. Siku ya tisa alipiga mwenyewe, akasema tuiache, na tuongeze maneno yake kama alivyoyasema. Tunayasoma, naye yupo hapa mstari wa mbele:

"Dakta, usimwambie mama kwamba ninaumwa sana, ataacha kula. Mwambie miguu ile aliyoniombea nimeitumia yote. Nimesomea juu yake, nimefanya kazi juu yake, nimewazika watu wa nchi hii juu yake. Haikupotea bure. Mwambie Januari ninakuja. Na ninamjua mama yangu, atataka kunipokea amesimama mlangoni. Mwambie asisimame. Akae kwenye mkeka wake, wanishushe pembeni yake, tutazamane."

KUHITIMISHA

Mgeni rasmi, Mungu aubariki mkutano wako na aifupishe safari yako. Akulindie mikono yako na mishipa yake yote. Akupe maneno ya kumwambia mama wa watu, na akupe kiti utakapochoka, kabla hujachoka.

Ni sisi,
Umoja wa Waliopona Polio kutoka Afrika Mashariki na Kongo,
Hyattsville, Maryland, Oktoba 2007.
Imesomwa kwa niaba ya wote na katibu, Flaviana, akiwa amekaa.