Riwaya Iliyotushusha Shimoni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Mji wa Marlow Flat. Sajenti Oakes, uliyekuja leo bila kofia ya kazi, na tunakushukuru kwa hilo. Baba Padri, mwenye ukumbi huu uliochongwa ndani ya mwamba kwa mikono ya waumini wako. Bi Coral Haines, mkutubi wetu. Ndugu wachimbaji wa vito vya opali na familia zenu. Wageni waalikwa mliosafiri kutwa nzima kutoka Adelaide. Na wewe Danica Vukelić, binti wa miaka kumi na saba, ambaye jina lako ndilo lililoko kwenye jalada: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kuzima mashine zenu siku ya kazi.

Nimeombwa kuzindua kitabu. Nimeandika habari za mji huu gazetini tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kazi yangu imekuwa kusema nani alifanya nini, wapi, na nani alimwona. Riwaya haina mashahidi. Kwa hiyo nitafanya kile ninachokijua: nitaeleza yaliyotokea tangu sura ya kwanza ya riwaya hii ilipochapwa gazetini mwetu mwezi wa tano, kwa sababu wengi wenu mlikuwepo, na kila mmoja sasa anayasimulia kwa namna inayompendeza yeye.

Tuanze na kitabu chenyewe. Msimulizi ni mvulana wa miaka kumi na sita ambaye hatuambiwi jina lake. Anaishi na baba yake katika nyumba iliyochongwa chini ya ardhi kama zetu, katika mji wa opali ambao Danica anaapa kwamba si huu wetu. Mama ameondoka. Shule ameiacha. Anaokota mijusi waliokufa, anawapanga rafuni, anawapa vyeo, na kila jioni anawafungulia kesi. Anaongea na ukuta. Ni kijana wa kutisha, na kinachotisha kuliko yote ni kwamba ana adabu sana. Mwanzoni unamwonea huruma. Ukifika katikati unajuta kwa nini ulimwonea huruma. Ukimaliza, hujui umfanye nini.

Nilimuuliza Danica kwa nini amemchagua mvulana. Alikuwa anamenya viazi, na hakuinua kichwa. "Wasichana wa hapa hawaachwi peke yao muda wa kutosha kuharibika, mzee," alisema. "Ukikaa kimya kidogo tu, mama wa mtu anakuletea keki."

Sasa nije kwenye ile sura. Ndugu zangu, nani kati yetu hakufundishwa, kabla hata hajajua kufunga kamba za viatu, kwamba huko machimboni mtu hatembei kinyumenyume? Unageuka kwanza, unatazama, ndipo unakwenda. Mashimo yetu hayafukiwi, na ni mengi kuliko sisi. Wageni wetu huenda hawajui kwamba kuna pia neno ambalo hapa hatumwambii mtu, hata kwa mzaha, hata arusini tunapopigwa picha: hatumwambii mwenzetu arudi nyuma. Mpiga picha wetu husogea yeye mwenyewe. Basi katika sura ya kwanza mvulana huyu anavuta boneti ya gari iliyofunika shimo la zamani, boneti ya buluu, anamsubiri mgeni mwenye kamera, na anamwambia kwa upole: "Rudi nyuma kidogo, bwana, uvipate vilima vyote."

Gazeti lilitoka Alhamisi asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana simu ya Bi Coral ilikuwa haipumui, maana ndiye aliyeupeleka mswada kwenye shindano la vijana ukashinda. Wengine walisema mtoto ni mgonjwa. Wengine walisema neno lile halipaswi kuchapwa kwenye gazeti ambalo watoto hufungiwa samaki na chipsi. Hayo ningeyatarajia popote.

Lakini mji wetu ulifanya kosa ambalo sidhani kama kuna mji mwingine ambao ungeweza kulifanya. Kwingine watu wakisoma riwaya ya kutisha hubishana kama mwandishi ana akili timamu. Sisi tulitambua shimo.

"Boneti ya buluu ni ya Durrant," alisema Stavro Kalogeras pale klabu ya wachimbaji. Stavro ni kiongozi wa kikosi chetu cha uokoaji, na si mtu wa kuropoka. Keith Durrant, kwa wageni wetu, alikuwa na eneo lake upande wa kaskazini, akaondoka miaka michache iliyopita bila kuaga mtu. Watu huondoka hapa bila kuaga, si ajabu. Ila Durrant alimwacha mbwa wake. Mmoja akasema mtoto hawezi kubuni boneti. Mwingine akasema mbwa yule alikuwa akilia akielekea kaskazini. Mwingine, nami simtaji kwa kuwa amekaa safu ya pili na mkewe hajui, alisema siku zote alihisi kuna jambo.

Sajenti Oakes hakuamini, lakini sheria haimruhusu kutoamini bila kwenda kuuliza. Alikwenda nyumbani kwa akina Vukelić, akavua viatu mlangoni, akamuuliza Danica alijuaje habari za boneti ile. "Naipita kwa baiskeli kila siku," alijibu. "Ni ya buluu. Ulitaka niiandike ya kijani?"

Niwaeleze kilichokuwa hatarini, kwa sababu kwenye vicheko vya baadaye tulikisahau. Danica hajatimiza miaka kumi na minane. Mchapishaji asingeweza kutoa kitabu bila ridhaa ya mzazi anayeishi naye, na mzazi huyo ni Milorad, ambaye sisi sote tunamwita Mile. Mile aliingia klabu jioni ile, maongezi yakakatika, akanywa bia yake nusu, akatoka. Alimwambia binti yake kwamba hataweka saini kwenye kitu kinachowafanya wanaume aliochimba nao tangu ujana waangalie viatu vyao. Mama yake Danica, anayeishi Adelaide, alishapiga simu kutaka mtoto apelekwe kwake na kuonwa na daktari. Binti aliyekesha na riwaya hii kwa miaka miwili angeweza kuipoteza pamoja na nyumba yake katika wiki moja, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kaskazini kumtafuta Durrant shimoni mwake. Winchi ilifungwa, boneti ikavutwa pembeni, na kijana wa kikosi akaanza kuvaa mkanda. Mile akafika na kofia yake ya mgodini.

"Anayesemwa ni mwanangu," alisema. "Nitashuka mimi."

Stavro alimshika mkono. "Mile, kama kuna kitu huko chini, sitaki wewe ndiye ukikute."

"Ndiyo maana nashuka mimi."

Danica alikuwa amesimama karibu na gari, amevaa sweta la shule. Baba yake alimgeukia mbele yetu sote, na hakutumia Kiserbia cha nyumbani. Alimuuliza kwa Kiingereza chake kigumu, ili kila mtu asikie swali na kila mtu asikie jibu. "Nitakuta nini?"

"Sijui, Baba. Sijawahi kushuka humo."

Mile akaitikia kwa kichwa, akashuka. Nimeripoti mafuriko, nimeripoti mlipuko wa baruti uliochukua nusu ya paa la karakana, lakini sijapata kuona watu wengi hivyo wakitazama kamba moja bila kukohoa. Tulisikia mawe madogo yakidondoka, kisha kamba ikavutwa kuomba apandishwe. Alitokea na birika lisilo na kitako, taa ya mbele ya gari, na ndani ya kofia yake mjusi mkubwa wa magamba, mzima, amekasirika.

"Nimemkuta Durrant," alisema Mile. "Amekonda."

Durrant wa kweli nilimpata kwa simu siku iliyofuata. Analima zabibu Mildura na ana mke mpya. Nilimweleza kwamba mji ulidhani ameuawa. Akataka kujua na nani. Nikamwambia, na mvulana wa kwenye riwaya. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama kitabuni anakufa kwa ushujaa. Nilipomuuliza habari za mbwa, alisema mbwa alikuwa wa mke wa kwanza, na kwamba yule mbwa na yeye hawajawahi kupatana.

Nyie mliona jambo limekwisha. Mlicheka, mkamnunulia Mile bia, mkamwambia Danica safari ijayo aandike mahali opali ilipo, tushuke kwa faida. Lakini ridhaa haikutolewa. Juma la kwanza likapita, la pili likapita, na Mile hasemi ndiyo wala hapana. Je, alikuwa bado anaona haya? Nami nilidhani hivyo, na nilikuwa nimekosea.

Mile anaongea Kiingereza vizuri kuliko anavyokisoma. Anasoma maandishi kwenye maboksi ya baruti na matangazo ya halmashauri. Riwaya hakuwahi kusoma. Alikuwa ameshuka shimoni kumtetea binti yake kwa ajili ya kitabu ambacho hakuwa amekisikia hata sentensi moja. Kwa hiyo alikwenda maktaba, akamwomba Bi Coral amsomee chote. Walikaa mchana baada ya mchana kwenye kona ya vitabu vya mapishi, Mile mikono magotini kama mtu aliyekuja kunyolewa. Haya ninayoyasema nimeruhusiwa na wote wawili.

Mauaji hayakumshtua. Kwenye kesi za mijusi alicheka, mara moja akauliza kwa nini mjusi mdogo amepewa ukanali. Kisha wakafika kwenye sura ya ukuta. Humo mvulana yuko chumbani mwake, na baba yake yuko upande wa pili wa mwamba akichimba. Mvulana anagonga ukutani. Mashine inanyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza. Anagonga tena. Mashine inaendelea. Baba amedhani ni mlio wa mwamba unaotulia. Kitabu kizima kina maiti na mifupa, lakini sura hiyo haina hata tone la damu, na ndiyo iliyonifanya nikiweke chini nikazunguke nje.

Mile alimwomba Bi Coral arudie. Akarudia. Mile akasema, "Huyo ni mimi."

Bi Coral, kwa wema wake, alimwambia hii ni hadithi tu, Mile, kama vile lile shimo lilivyokuwa hadithi.

"Shimo ni hadithi," alisema Mile. "Baba ni mimi."

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wageni, tulikuwa mji mzima na winchi na kamba, tukitafuta ni kipi cha kweli ndani ya riwaya ya msichana huyu, na tukatafuta kaskazini. Nimekaa mahakamani nikawaona vijana wa aina ya mvulana huyu. Mawakili huwatafutia sababu, magazeti nayo huwatafutia sababu, na langu limo. Danica hakumtafutia sababu wala hakumsamehe. Alimweka karibu na ukuta, akatuacha tusikilize pamoja naye. Wapo waandishi wenye mvi ambao hawajajifunza kunyamaza hivyo.

Jioni ile Mile alirudi nyumbani, akanawa, akamwambia binti yake kwamba kitabu amekisikia. Danica anasema aliogopa kuliko siku ya winchi. Alianza mwenyewe kumwambia kwamba yule baba anaweza kubadilishwa, awe fundi wa kuchomelea, awe Mgiriki, hata aondolewe kabisa.

"Usimguse," alisema Mile. "Mwache alivyo. Leta hiyo kalamu."

Ndivyo ridhaa ilivyopatikana, na ndiyo sababu tumekaa humu leo. Kwa mchapishaji aliyetusubiri, kwa Bi Coral aliyesoma mpaka sauti ikakauka, kwa Stavro aliyefunga kamba vizuri ingawa tulikuwa tunamtafuta mtu anayelima zabibu, natoa shukrani za mji.

Nimalizie na habari ya juma lililopita, maana mwandishi wa habari asiye na habari mpya amekuja kula tu. Nilikwenda kwa akina Vukelić kumuuliza Danica kuhusu riwaya ya pili. Alinung'unika. Alisema haiendi. Baba yake anazima mashine wakati wowote anapojisikia, anazunguka, anaingia na vumbi lake bila kupiga hodi, anavuta kiti nyuma yake na kuuliza, "Sasa nani anakufa?"

"Nitaandikaje kitu cha kutisha katika hali hii?" aliniambia.

Mile, aliyekuwa amekaa palepale, alisema basi atarudi kazini, akainuka. Danica hakugeuka kutoka kwenye meza yake.

"Kaa, Baba," alisema. "Sijasema uondoke."

Kwa heshima niliyopewa, natangaza kwamba kitabu kimezinduliwa. Nimewachukulia muda wenu mkanipa na masikio. Kwa vyote viwili nasema ahsanteni sana.