Mume wa Jaji

Benchi liko mbele ya kibanda cha kinyozi, mjini Pont-Vert, Louisiana, likitazamana na mlango wa mahakama, na ndiyo maana Ovide hakosi. Saa nne asubuhi yupo, kofia kaivuta usoni, kikombe cha kahawa nyeusi ya mizizi ya chikori mkononi, macho ng'ambo ya barabara. Wenzake wanamwita Mume wa Jaji. Jina hilohilo ndilo lililomtoa nyumbani. Clemence alipochaguliwa jaji wa mahakama ya familia, mji mzima ukaanza kumwita mumewe hivyo. Ovide wivu ukampanda, akafunga virago, akahamia kwa dada yake. Miaka miwili na ushei sasa. Aliyesusa ni yeye, na anayeumia ni yeye.

Ijumaa hiyo ya Kwaresima, Clemence alitoka mlangoni akicheka na Ulysse, mpiga kinanda wa kanisa, aliyefiwa na mkewe mwaka jana.

— Mume wa Jaji, mkeo huyo! alisema Wakili, ambaye alibeba mafaili ya masjala miaka thelathini akadhani sheria imemwingia kwapani. — Na gari la Ulysse lilikuwa kwake Ijumaa iliyopita. Na ile ya kabla yake.

— Anamfundisha kinanda, alisema Ovide.

— Kwani mle ndani kuna kinanda?

Ovide alijua hakuna. Akaivuta kofia chini zaidi.

— Usijali, ndugu yangu, alisema Padri, ambaye sifa yake yote ni kutumikia altareni utotoni. — Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mwenyeji nani hapo, wewe? aliuliza Ovide.

— Basi tulia nikwambie kubwa zaidi. Jumapili Clemence hakwenda kupokea komunyo! Kakaa kwenye benchi lake, kainamisha kichwa. Clemence yule!

— Ala! Basi ana dhambi, alisema Wakili. — Dhambi ya kinanda.

— Au Ulysse katumwa na askofu ampeleleze, alisema Padri.

— Thubutu! Supu ile. Ulysse anamletea supu ya kamba kila Ijumaa. Nani anajua mna nini ndani? Mtasikia wako Meksiko.

— Hawezi! Ovide alipiga goti lake, kahawa ikamwagika. — Anaachanisha watu asubuhi mpaka jioni, ndiyo, sheria ni sheria. Lakini yake mwenyewe anaamini ni mpaka kifo. Halafu sisi tulifunga ndoa ya agano, ile ya sheria ya hapa Louisiana, tukasaini wote wawili. Haivunjwi kirahisi. Mpaka mkae mbalimbali miaka miwili mfululizo bila kurudiana. Na mimi hesabu naikata.

— Unaikata vipi?

— Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi naenda kumkatia majani uani. Hesabu inaanza upya.

Wakili alishusha kikombe chake.

— Majani, Ovide? Nani kakudanganya?

— Si wewe!

— Mimi nilisema kurudiana! Mtu na mkewe, chumba kimoja, sufuria moja. Majani hata jirani anakata.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Padri. — Labda uyakate mengi.

— Ndani anakukaribisha? aliuliza Wakili.

— Ananiletea maji kizingitini.

— Anasema nini?

— Anasema asante.

Uongo. Jumamosi iliyopita Clemence alisimama na bilauri mkononi, pete bado kidoleni, akamuuliza polepole, "Ovide, umekuja kukata majani tu?" Naye, kwa kiburi kilekile kilichomfungisha virago, akajibu, "Majani tu." Clemence akaingia ndani. Siku ya pili yake ndiyo hiyo Jumapili aliyoisema Padri.

Hapo akavuka barabara askari mmoja wa mahakama, mgeni kabisa, sare bado ina mikunjo ya dukani, mkononi bahasha ya khaki.

— Samahani, wazee wangu. Natoka mahakama ya wilaya jirani. Wameniambia mtu wangu anakaa hapa.

Wilaya jirani. Hata Padri alielewa. Jaji hawezi kukata kesi yake mwenyewe. Ovide naye akaelewa kwa nini mkewe hakuinuka kwenda altareni. Kinanda hakikuhusika, wala supu. Mkono wake ulikuwa umekwisha kusaini ombi la talaka ambalo moyo wake haukuliamini.

— Nani kati yenu ni mume wa Jaji?

Miaka miwili hawakuwahi kumwita kwa jina lingine. Sasa Wakili alitazama viatu vyake. Padri alitazama paa la kibanda. Ng'ambo, Ulysse alikuwa ameshaondoka, na Clemence alisimama peke yake mlangoni, akiwatazama.

Ovide aliinua mkono nusu, akaushusha.

— Wazee? Ni nani?

Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini wote watatu waliinua vikombe vyao wakanywa.