Ogulgerek, Aliyemvisha Ngamia Mali ya Makumbusho

Tarehe 31 Agosti, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi katika makumbusho yetu ya wilaya hapa Etrek, Bi. Ogulgerek Nepesova, tunayemwita Mama Gerek, mtunzaji wa mazulia na mavazi ya kabila letu la Wayomuti, atakabidhi funguo na kustaafu. Mimi, Annasahet, mpiga picha, nimeombwa kuandika kwa kuwa nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko wengine, na eti kwa kuwa simwogopi. Hilo la pili si kweli.

Jina lake maana yake ni “anatakiwa mtoto wa kiume”. Baba yake, mfugaji wa ngamia, alikwisha kupata mabinti wanne yeye alipozaliwa. Watoto wa shule wakimuuliza kama jina lilisaidia, huwajibu: “Lilisaidia sana. Baba alinitazama, akaacha kuagiza.”

Aliajiriwa Septemba 1988, akitoka kusomea historia chuoni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimamisha hema la sufu nyeupe uani kwa ajili ya wageni. Alilisimamisha vizuri sana, ila mlango aliuelekeza kwenye upepo, na wageni wakala pilau yenye mchanga. Tangu siku hiyo akawa anadandia lori la maziwa kwenda kambi za wafugaji. Akakaa huko akijifunza kusokota, kuchemsha rangi ya mizizi, na kusengenya. Kwenye umbea wa kina mama alipata historia ya kabila letu: ukoo upi ulilima kando ya mto, upi ulihama na mifugo, kusini wakati wa baridi na kaskazini majani yakiota, na nani alibaki ng'ambo ya mto mpaka wa nchi ulipofungwa.

Ndiyo maana bibi mmoja aitwaye Enegul alipotuletea asmalyk mwaka 1990, Mama Gerek hakuipokea tu na kuitundika. Asmalyk ni zulia dogo la pembe tano la kuning'iniza ubavuni mwa ngamia anayembeba bibi harusi. Hufumwa mbili, moja kila upande. Bibi huyu alileta moja.

“Ya pili iko wapi, bibi?” Mama Gerek akauliza.

“Kwa dada yangu. Ichukueni hii. Bibi harusi gani atapanda ngamia aliyevaa ubavu mmoja?”

Mama yao alizifuma kwa ajili ya harusi ya binti mkubwa, Soltanbagt. Mwaka uliofuata, 1931, mifugo ilipoanza kukusanywa na serikali, ukoo wa mume ulivuka Mto Etrek kwa haraka na wanyama wao. Mama akampa Soltanbagt moja, nyingine akambakizia Enegul, aliyekuwa na miaka minane. Hawakuonana tena.

Mpaka wa nchi ulipolegezwa, Mama Gerek aliniamuru nipige picha ya asmalyk ile, nakala nyingi kadiri karatasi itakavyoruhusu. Kila aliyekwenda ng'ambo kwenye soko la Kummet alibebeshwa moja. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Charyyar Aga, alimwita ofisini. “Binti yangu, kazi yako ni kutunza mazulia. Ndugu za watu watajitunza wenyewe.” Alirudi kutoka ofisini na kuniomba nakala nyingine.

Mwaka wa tatu, mfanyabiashara wa kondoo akaja mikono mitupu. “Picha yenu imekwenda,” alisema. “Kikongwe mmoja ameing'ang'ania. Anasema ni mali yake, na mkitaka kugombana atakuja mwenyewe.”

Alikuja kweli, majira ya kuchipua ya 1995, ameshikwa mkono na mjukuu wake, asmalyk ya pili imekunjwa kwapani. Enegul alikuwa akimngoja ukumbini.

“Umechelewa,” akasema Enegul.

“Mto ulikuwa umejaa,” akajibu Soltanbagt.

Kila mtu wa hapa anajua mto wetu hukauka mbuzi akavuka bila kulowa. Enegul akacheka, kisha wote wawili wakalia, nami nikashindwa kupiga hata picha moja.

Ijumaa ya wiki ile mjukuu wa Enegul alikuwa anaolewa. Soltanbagt akaomba ngamia wa bibi harusi avishwe zote mbili. Charyyar Aga akakataa, na tusimlaumu: mali ya umma, jasho la mnyama, mawingu.

“Ukiitoa kwenye kioo, nitakuandikia karipio,” alisema.

“Basi andika leo, baba. Kesho nitakuwa harusini.”

Mama Gerek alifungua kabati mwenyewe. Njiani mvua ikaanza kunyunya, naye akatembea ubavuni mwa ngamia kutoka nyumba ya bibi harusi hadi ya bwana harusi, ameshikilia koti langu la mvua juu ya asmalyk ya makumbusho. Nilirudi nimelowa hadi mifupani. Ya kwetu, iliyokaa ndani ya kioo, ilikuwa nyekundu ya kung'aa. Ya ng'ambo ilikuwa imeiva kwa moshi wa jiko. Vikongwe wakafuata nyuma kwenye gari, wakibishana ni nani aliyeitunza vizuri zaidi ya mwenzake.

Charyyar Aga alifika kwenye pilau, amekunja uso. Ngamia akamnyakua kofia yake ya manyoya na kuanza kuitafuna. Mkurugenzi alicheka hadi akaketi chini. Karipio aliliandika vilevile, na cheo cha unaibu ambacho sote tulijua ni cha Mama Gerek kikaenda kwa mtu mwingine. Sijawahi kumsikia akilitaja jambo hilo, na atanisema kwa kulitaja hapa.

Siku ya kuondoka, mjukuu wa Soltanbagt alitaka kutuachia ile ya pili, ili makumbusho iwe na jozi kamili. Hakuna kitu ambacho mtunzaji angekitamani zaidi. Nilimwona Mama Gerek akiipapasa, akiigeuza kutazama mafundo upande wa nyuma. Kisha akaikunja na kumrudishia Soltanbagt mikononi.

“Nikibaki na zote mbili,” alimwambia, “huku mtakuja kufuata nini?”

Walikuja mwaka uliofuata, na mwingine. Dada wote wawili wametangulia mbele za haki, lakini wajukuu wao bado huvuka kila wanapopata ruhusa, na harusi za upande huu na ule hungoja hadi jozi ikutane.

Mama Gerek, makumbusho inakushukuru, na familia nyingi za kandokando ya mto zinakushukuru kuliko sisi. Nenda ukapumzike. Fuma ukijisikia, lala mchana, kunywa chai yako bila kuitwa ukumbini. Afya iwe nawe, wajukuu wakujaze nyumba, na mlango wa kwako usikose mgeni. Sisi tutakuja Ijumaa ya kwanza, tukiwa na njaa.