Bastola Ndani ya Beseni la Kuoshea Miguu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe pia na ninyi mnaosoma haya mkiwa bado mnatafuta mahali pa kuketi! Mimi ni Baba Moraa wa Ekerenyo, yule mnunuzi wa ndizi. Wengine mnanijua kama mzee aliyesoma masomo ya jioni mpaka akafanya mtihani wa kidato cha nne na ndevu zake zote, binti yake akiwa kidato cha pili akimsaidia hesabu. Kwa hiyo Kiswahili changu kikichechemea mahali, kivumilieni. Nilikipata nikiwa nimeshachoka na kazi ya mchana.

Nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa wivu.

Ndugu zangu, sisemi ule wivu mdogo wa mwanamume kununa mkewe akisalimiwa sokoni. Huo hata jogoo anao. Wivu wangu mimi ungekausha chai ya Nyamira nzima, viwanda vikapumzika kuchoma kuni! Mke wangu Kemunto akitabasamu peke yake, mimi nilitaka kujua anatabasamia nini, na hicho kitu kimevaa suruali ya rangi gani. Akipaka mafuta usoni nauliza ni ya nani. Asipopaka, nasema ameambiwa na mtu kwamba anapendeza bila mafuta.

Halafu akaja Owino. Huyu ni ndugu yetu kutoka kule ziwani, fundi wa friji, amepanga chumba mjini Nyamira na familia yake. Alijiunga na kanisa letu, na Sabato moja tu alipofungua kinywa kuimba sauti ya nne, vioo vya madirisha vikatetemeka, nawaapia. Akapewa kwaya aifundishe. Na sauti ya kwanza katika kwaya ile ni nani? Ni mke wangu.

Kuanzia hapo Kemunto alikuwa anachuma chai shambani kwetu huku anaimba nyimbo za Owino. Mimi niko mstari wa pili, kikapu mgongoni, nasikia anamwimbia Mwokozi, lakini katika masikio yangu jina lilikuwa lingine. Nilichuma majani makuukuu na machanga pamoja, karani wa chai akanirudishia nusu ya mzigo.

Sasa sikieni jambo la aibu. Mimi nilikuwa na bastola. Si ya wizi, hapana. Kuna wakati majambazi walinivizia kwenye barabara ya Magwagwa nikitoka kununua ndizi, wakanipiga hadi nikasahau jina la babangu. Baada ya hapo nikaomba kibali, nikachunguzwa, nikapewa. Bastola yenyewe ni ndogo, ile ya kigurudumu, inaingia kwenye kiganja kama embe. Mwalimu aliyenifundisha kuitumia alinionya sana. Alisema silaha hii haibebwi hivi hivi. Ina mfuko wake wa ngozi unaofungwa kwenye mshipi, unaoishika isitembee, na unaofunika mahali pa kidole. Bila mfuko, alisema, umebeba nyoka kifuani kwa sababu umemkuta amelala.

Mfuko nilinunua. Nikautundika nyuma ya kabati. Kisa? Ukiuvaa unatokeza chini ya koti, na mimi sikutaka mtu ajue. Zamani bastola ilikuwa inatoka kwenye sanduku lake siku za kwenda kununua ndizi tu. Owino alipokuja, nikaanza kuibeba kila siku, bila mfuko, nimeichomeka nyuma ndani ya suruali, imezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli isiteleze. Risasi zikiwa ndani. Nilijiambia ni kwa usalama. Lakini ndugu zangu, kila nilipomwona Owino, mkono wangu ulienda nyuma kiunoni wenyewe, bila kutumwa.

Na hicho chuma kilinitesa! Kilikuwa baridi asubuhi na moto mchana. Kilinichuna ngozi. Nikikaa nakaa kwa upande mmoja kama mtu aliyechomwa sindano, nikitembea natembea kama bata anayeenda harusini. Shilingi ikianguka naiaga, kwa sababu kuinama siwezi. Wazee wa kanisa wakanihurumia wakidhani uti wa mgongo umeniharibika. Siku moja wakaniita mbele waniwekee mikono mgongoni, waombe. Nilirudi kinyumenyume hadi nikagonga ukuta, nikawaambia waombee wakiwa mbali, Mungu anasikia. Tangu siku hiyo nikaihamishia mbele, chini ya tumbo.

Hapo ndipo nyumba yangu ilipoanza kubomoka, na mimi sikuona. Kemunto akija kunishika kiuno kama mke anavyomshika mumewe, namsukuma. Moraa akikimbia kunikumbatia, nanyoosha mkono nimsalimie kama karani. Nikawa navua nguo nimempa mke wangu mgongo, haraka haraka.  Kemunto akaacha kuniuliza nimeshindaje. Mimi nikasema moyoni, ndiyo hiyo sasa, moyo wake umeshaenda kwa mwalimu wa kwaya.

Kisha nikawaona. Ni mchana, wamesimama kando ya tangi la maji la kanisa, Kemunto anaongea kwa sauti ya chini, Owino ameinamisha kichwa anasikiliza. Nilipofika wakanyamaza. Nikauliza kuna nini, nikajibiwa ni mambo ya kwaya. Ndugu zangu, tangu lini mambo ya kwaya yakamfanya mtu afute machozi?

Sabato iliyofuata nilienda kanisani nikiwa nimekata shauri. Nilijua kwaya itabaki mchana kufanya mazoezi, na nilijua Owino hutoka wa mwisho, kwa kuwa ndiye anayefunga mlango. Sitaki kuwadanganya mbele ya Mungu. Nilienda kumuua mtu, nikiwa nimevaa tai.

Katika hasira yangu nilisahau kitu kimoja. Ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana! Na sisi, kabla ya mkate na kikombe, huoshana miguu. Akina mama huenda chumba chao, wanaume chumba chao, mnaketi wawili wawili na beseni na taulo. Na mafundisho yetu ni kwamba kama una neno na mwenzako, huyo ndiye wa kumtafuta kwanza.

Mimi nilikuwa na mzee wangu wa siku zote, Mzee Nyangau, kiongozi wa kanisa na askari mstaafu. Nikamkimbilia. Kabla sijafika, Owino akasimama mbele yangu na beseni limejaa maji ya uvuguvugu.

“Baba Moraa,” akasema, “leo ni mimi na wewe.”

Ningekataaje? Wanaume wote wanatazama. Akapiga magoti, akaniosha. Mikono ya fundi, migumu, lakini alinisugua kisigino kama anaosha mtoto mchanga. Kila tone la maji lilinichoma. Nilikuwa nawaza, mikono hii imemshika nani?

Zamu yangu ikafika. Nikaambiwa nivue koti lisilowe, nikakataa. Nikapiga magoti polepole, nikashika mguu wake wa kulia, nikauosha nikiwa nimenyooka kama nguzo ya stima. Lakini mguu wa mtu haupandi hadi kifuani kwako. Ilibidi niiname. Na nilipoinama, tumbo langu, ambalo ndizi za Ekerenyo zimelijenga kwa miaka, likakisukuma kile chuma juu. Mpira wa tyubu ukateleza. Bastola ikatoka chini ya tai yangu, ikatumbukia kwenye beseni, katikati ya maji, mdomo wake ukielekea kwenye mguu wa Owino.

Haikulia. Bwana asifiwe! Na wewe unayesoma sema asifiwe, maana kidogo tu ningekuwa naandika haya kutoka gerezani.

Wenzetu walikuwa wanaimba, hawakusikia. Owino aliitazama ile bastola ndani ya maji. Akanitazama mimi. Nikaona ameelewa yote, ya nani, ya nini, na kwa nini leo. Nilingoja apige kelele. Angepiga, mimi ningekuwa nimekwisha, na sijui mkono wangu ungefanya nini kwa hofu. Badala yake akachukua taulo lake, akafunika beseni taratibu kama mtu anayefunika chakula nzi wasiingie, akalisogeza chini ya benchi. Akavuta beseni la jirani aliyekwisha kuoshwa.

Akaniambia kwa sauti ya chini, “Ndugu, mguu mmoja bado.”

Ndugu zangu! Nilikuwa nimekuja kumtoa roho, naye ananipa mguu wake wa pili. Niliuosha. Sijui kama niliuosha kwa maji ya beseni au ya macho yangu, maana nililia hadi kamasi ikafika kwenye tai. Wale wanaume wakadhani Roho amenishukia. Hawakukosea sana.

Tulipomaliza, Owino akamwita Mzee Nyangau. Mzee akafunua taulo, akaichukua ile bastola kwa mkono unaojua kazi, akatoa risasi moja moja, akazitia mfuko wa koti. Hakunifokea. Aliniuliza tu nilikuwa nimeibeba kwa ajili ya nani. Nikamwonyesha Owino kwa kidevu.

Owino akakaa kwenye benchi, miguu bado imelowa. Hapo ndipo aliponieleza habari ya kule kwenye tangi. Kumbe mke wangu alikuwa amemwomba msaada! Kwa vile yeye huenda Magwagwa kutengeneza friji za madukani, Kemunto alimsihi amchunguzie kama mume wake ameweka mwanamke huko. Mume hataki kuguswa tena. Mume anavua nguo kwa kujificha. Owino alikataa kupeleleza nyumba ya mtu, akamshauri aniulize mwenyewe. Ndiyo maana alinitafuta na beseni siku ile, alitaka kufungua mazungumzo.

Kemunto akaitwa. Mzee akamwonyesha. Aliitazama ile bastola, kisha akaketi chini kwenye sakafu iliyolowa, na gauni lake la kwaya.

“Baba Moraa,” akasema, “miezi yote hii nimekuwa nakionea wivu chuma?”

  Nilipiga magoti tena, safari hii mbele yake, nikaungama mbele ya wote watatu kile nilichokuja kufanya. Alilia. Kisha akauliza swali ambalo hadi leo linanichoma: angemwambia nini Moraa kama ningemuua mtu?

Tukaenda pamoja, Owino, Mzee Nyangau na mimi, hadi kituo cha polisi Nyamira. Nilikabidhi bastola na kibali chake, nikaeleza sababu. Nilikemewa, na nilistahili. Nikirudi nyumbani kiuno kilikuwa chepesi hata nikahisi suruali itaanguka.

Msidhani wivu ulizama wote siku hiyo. Majuzi Kemunto alicheka kwenye simu, na kile kidudu kikainua kichwa. Lakini sasa nimefundishwa. Nikamwendea nikamuuliza, kwa kinywa, nani huyo? Akanipa simu niongee. Alikuwa mama mkwe wangu. Ndugu zangu, nilisalimia kwa heshima hadi jasho likanitoka!

Wao kule ziwani humwita Mungu Nyasaye, sisi twamwita Nyasae, na ni yeye yule aliyenizuia kumwaga damu. Namshukuru. Namshukuru Owino, anayenipa mkono hadi leo. Namshukuru Kemunto, ambaye hakulazimika kubaki nami, na alibaki.

Na wewe unayesoma haya ukiwa umemfichia mtu neno moyoni, nakuomba usingoje likutoke kwa ajali. Mtafute leo, kungali mchana. Kaa naye, muulize, umsikilize hadi amalize. Mungu aliyekaa katikati yangu na Owino atakaa hapo katikati yenu. Mwaminini, yeye haogopi kukaribia watu wenye hasira. Amina.