Fundi na Bosi Wake

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kifungua mimba wa karani wa posta. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni, kisha chuo cha ufundi, akahitimu ushonaji mwaka 1988. Alifungua kibanda chake na hakuwa na mchezo na kazi: suruali iliyopinda mguu hakuikabidhi, mteja anune asinune.

Alifunga ndoa mwaka 1994. Mwaka 1997 alijaliwa mtoto wa kiume, aliyechelewa kulia alipozaliwa. Utindio wa ubongo ulimfanya asitembee wala asiseme, na kwa kuwa nyumbani kila mtu alimhudumia yeye kwanza, akaitwa Bosi. Baba yake alikwenda kutafuta kazi mbali. Salamu zilikuja, zikapungua, zikakatika.

Mialiko nayo ilikatika. Ndugu walidhani wanampunguzia usumbufu, naye hakuomba msaada akidhani anawapunguzia wao. Upweke ulimwingia hivyo hivyo, pole pole, na ulimuuma. Aliwahi kumwambia mdogo wake wa kike, "Namwogesha, namlisha, namnyoosha miguu. Huyu mtoto ananijua kama nesi tu."

Siku moja kliniki, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwona akimlisha mbio mbio.

"Mama, leo usimfanyie chochote. Kaa naye tu."

"Nikae nifanye nini?"

"Msubiri yeye aanze."

Fundi akakaa, mikono haijui pa kwenda. Baada ya muda Bosi akaishika futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwa mama yake, akaivuta. Mama akaivuta kidogo upande wake. Wakavutana hadi Bosi akaangua kicheko, mama naye akacheka, kisha akalia, maana mtoto alishafika miaka sita na walikuwa hawajawahi kucheza. Tangu hapo kibanda kilifungwa mapema, na mteja wa jioni aliambiwa Bosi ana kikao.

Mwaka 2023 Fundi aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Hakukiogopa kifo. Aliogopa jambo moja: Bosi alikuwa hakubali kula kwa mkono wa mtu mwingine, anafumba mdomo kabisa. "Atakula kwa mkono wa nani?" aliwauliza madaktari, nao wakadhani anaweweseka. Mdogo wake alihamia kwake, akafundishwa: "Usimsemeshe sana. Kijiko kiguse mdomo, usisukume. Ngoja akutazame." Bosi hakumtazama. Fundi alifariki hospitalini alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 2024, akiwa bado hajajibiwa.

Ameacha mdogo wake wa kiume, mdogo wake wa kike, na mwanawe mwenye umri wa miaka ishirini na saba. Tangu Jumatatu, kila mlango unapofunguliwa Bosi anageuka kuangalia, na hatuna njia ya kumweleza. Leo asubuhi mama yake mdogo aligusisha kijiko mdomoni, akangoja mpaka chakula kikapoa. Bosi akamtazama. Akafungua mdomo, akameza, kisha akarudisha macho mlangoni.

Dada yetu na apumzike kwa amani. Mtoto amekula.