Wasifu wa Mwalimu Marietha Kokushubila, Aliyesemwa Kuwa Alisahau

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, Gaspar Kaijage, na ndiye anayeusoma. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, Mzee Brightson, alipoupitia juzi kabla haujapelekwa kuchapwa, alimwita pembeni akamwambia, "Gaspar, nyumba kubwa husitiri mambo. Hiyo habari ya gari itoe." Gaspar hakuitoa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kimeshafika.

Mwalimu Marietha Kokushubila alizaliwa tarehe 14 Agosti 1959 katika kijiji cha Kanyigo, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Petro Kaijage na Mama Anna. Baada yake walizaliwa watatu ambao hawakuishi, na mwaka 1971 akazaliwa Gaspar. Mama Anna alifariki mwaka 1975. Marietha alikuwa na miaka kumi na sita, mdogo wake minne. Tangu siku hiyo mtoto yule hakujua mgongo mwingine zaidi ya wa dada yake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967, akamaliza la saba mwaka 1973, na mwaka uliofuata akaingia sekondari. Msiba wa mama ulipotokea aliacha masomo mwaka mzima ili amlee mdogo wake, kisha akarudi na kukaa dawati moja na watoto aliowatangulia. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1978 na chuo cha ualimu Desemba 1980. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Gaspar, na ubao wao ulikuwa ukuta wa jikoni, chaki yao mkaa. Kila akimpa kazi alimuuliza, "Umemaliza?" Mtoto akiitikia kwamba amemaliza, dada alinyoosha mkono: "Lete nione." Hakuamini maneno matupu, hata ya mtoto aliyempenda kuliko roho yake.

Alifundisha Kagera kuanzia Januari 1981. Tarehe 7 Januari 1984 alifunga ndoa na Wilbert Byabato, karani wa posta, mtu mpole aliyecheka taratibu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Demetria na Deogratias. Mwaka 1992 mumewe alihamishiwa Dar es Salaam, naye akafundisha darasa la kwanza Kipawa na baadaye Gongo la Mboto. Ndugu Wilbert alitangulia mbele ya haki mwaka 2011. Mwaka 2014 Mwalimu alistaafu kwa hiari, akafungua chekechea uani kwake, na kwa kiinua mgongo chake akanunua kipanya cheupe, basi dogo la kuwachukua watoto majumbani.

Kipanya kile kilimtumikia miaka mitano kasoro. Februari 2019 injini ilikufa, fundi akasema bora kununua gari jingine. Mwalimu hakuwa na fedha ya kununua. Matairi yakauzwa, kipanya kikawekwa juu ya mawe manne, na watoto wakakigeuza mchezo. Kila asubuhi walipanda humo, Mwalimu akashika usukani na kuuliza, "Abiria, leo tunakwenda wapi?" Wao wakajibu kwa kelele, "Bukoba!" Wakaimba njia nzima, na walipofika walishuka palepale uani kunywa uji. Hakuna gari lililowahi kwenda Bukoba mara nyingi kama lile.

Lakini Mwalimu alikuwa mtu wa utaratibu. Jumatatu tarehe 11 Machi 2019 aliandika barua kwa mkono wake kuitaarifu ofisi ya mapato kwamba gari lake halitembei tena barabarani. Akaambatanisha kadi ya gari, akafungua vibao viwili vya namba, akavifunga kwenye gazeti, na kumkabidhi Gaspar aliyekuwa anakwenda mjini.

Gaspar hakufika mjini. Alishukia Kipawa kwa rafiki yake Mashaka, muuza spea, kulikuwa na supu na mazungumzo matamu, saa zikakimbia. Akaacha vibao dukani akisema atavipitia kesho. Barua na kadi vikabaki mfuko wa ndani wa koti. Jioni dada alipiga simu.

"Umepeleka?"

"Tayari dada, nimeshapeleka."

"Wamekupa nakala yenye mhuri? Lete nione."

"Wamesema nifuate baadaye."

Aliuliza tena wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata, kisha akaacha. Ni mara moja tu katika maisha yake alikubali kazi bila kuiona, kwa sababu aliyesema ni mdogo wake. Kesho ya Gaspar haikufika. Alipokumbuka kupita, Mashaka alimwambia vibao vilibebwa pamoja na vyuma chakavu. Gaspar akasema basi, gari lenyewe si limekufa? Hapo ndipo mawazo yake yalipoishia, na anaona haya kuyasoma.

Alhamisi tarehe 19 Agosti 2021, kipanya cheupe chenye namba za Mwalimu kilimgonga mtoto wa darasa la kwanza huko Madale, kikamvunja mguu na kukimbia. Mama mmoja muuza maandazi aliinakili namba. Siku ya pili askari walikuwa uani Gongo la Mboto, watoto wakitazama. Mkubwa wa askari alilizunguka gari, akaona mawe manne, akaona kuku ametagia kiti cha nyuma.

"Mwalimu, mie naliona halina hata tairi," alisema. "Ila kwenye kumbukumbu gari lako linatembea. Hakuna taarifa yoyote. Na vibao viko wapi?"

Mwalimu alisema vilirudishwa, na aliyevirudisha ni mdogo wake. Mwalimu akapelekwa kituoni, na Gaspar akaitwa huko. Koti lenye barua lilikuwa linaning'inia nyumbani kwake nyuma ya mlango. Akaulizwa mbele ya dada yake kama alipewa vibao na barua.

Akasema, "Hapana afande. Dada hakunipa kitu."

Mwalimu alimtazama. Hakumtazama kwa hasira, na hilo ndilo lililomfuata Gaspar miaka yote hii. Kisha akamgeukia askari: "Basi baba, itakuwa nimesahau mimi. Umri huu."

Aliachiwa kesho yake, kwani gari la juu ya mawe haligongi mtu. Mwenye kipanya cha Madale hajapatikana mpaka leo. Lakini mtaa ulishahukumu. Ilisemwa kwamba Mwalimu aliuza namba kwa wahuni. Waliojiona wema walisema amezeeka, anasahau, mtu wa kusahau hawezi kuachiwa watoto. Walikuwa watoto arobaini na sita. Mwezi Septemba walibaki kumi na wawili, Novemba watatu. Desemba 2021 alikunja mikeka na kufunga chekechea. Wengi wa waliowaondoa watoto wao wamekuja leo, na mashada yenu ni mazuri. Gaspar hana uso wa kuwalaumu. Nyinyi mliamini uongo. Yeye ndiye aliyeutunga.

Baada ya hapo aliishi kimya. Baadhi ya asubuhi alionekana ameketi kwenye usukani peke yake. Shinikizo la damu likampanda, na tarehe 3 Juni 2024 alipata kiharusi kilichompoozesha upande wa kulia. Demetria alimuuguza kwa mwaka mzima bila kuchoka. Gaspar alikuja kila Jumapili na matunda, akaongea habari za mvua na mpira, akaaga.

Jumapili tarehe 6 Julai 2025 Gaspar alikwenda wodini, dada alikokuwa amelazwa, na barua ile. Aliiweka tu juu ya shuka. Mwalimu aliishika kwa mkono wa kushoto, akaisoma yote, taratibu, kama anayesahihisha daftari.

"Tarehe imepita hii," alisema.

"Nisamehe dada."

"Mie nilijua toka siku ile kituoni. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Sasa nimekuja."

"Umekuja kwangu. Mie si nilikuwa najua? Kawaambie wasiojua." Akafumba macho, Gaspar akadhani amelala. Kumbe bado. "Na usiseme umeshawaambia, Gaspar. Lete nione."

Hakuwahi kuona. Mwalimu Marietha alifariki Jumanne tarehe 15 Julai 2025, saa nne asubuhi, mikononi mwa Demetria. Siku tisa zile Gaspar alikuwa bado anatafuta namna nzuri ya kuanza. Nakala ya barua imechapwa ukurasa wa mwisho wa ratiba mliyoishika. Tazameni tarehe, tazameni mwandiko, kila mzazi aliyepitia kwake anaujua. Mahali pa mhuri pako wazi.

Marehemu ameacha watoto wawili, Demetria na Deogratias, wajukuu watano, na mdogo mmoja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wanajumuiya, na majirani wote waliolala hapa msibani.

Jana kilikaa kikao cha familia kugawana kazi zilizobaki. Mojawapo ni kupeleka taarifa ya kifo ofisini ili cheti kipatikane. Gaspar alinyoosha mkono. Demetria alimtazama kama mama yake alivyokuwa akitazama, akasema kwa upole, "Hapana, Mjomba. Nitaenda mwenyewe."

Mwalimu Marietha Kokushubila hakusahau. Apumzike kwa amani, na jina lake pia lipumzike.