Papa wa Liste: Donatien Ngoy, Bukama 1936 – Bruxelles 1999

Ndugu, jamaa na marafiki wenye mumekuja na baridi hii, asante. Mbele ya udongo kumufunika, sikilizeni kidogo njia yenye Papa Donatien alipita. Aliyeandika ni dada yake mukubwa, Mathilde. Mukisikia mahali mambo hayapangiki, si juu ya kusahau. Mathilde hajasahau kitu tangu vita ya Wazungu ya 1940. Ni mambo yenyewe yalikuwa vile.

Donatien Ngoy alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1936 huko Bukama, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli, mutoto wa tatu wa Papa Ngoy Ilunga na Maman Nday. Alizaliwa mudogo sana, mpaka majirani walikuja kuangalia na kurudi kwao bila kusema kitu. Maman yake alimufunga kifuani miezi mitatu, na akapona.

Kutoka 1943 mpaka 1950 alisoma primaire kwa Bapadri, palepale Bukama. Hakuna mutoto aliyekuwa na mwandiko kama wake. Juu ya ule mwandiko mwalimu alimupatia kazi ya kusoma majina kila asubuhi. Siku moja rafiki yake hakufika, alikuwa amelala na homa, na mwenye kukosa masomo alikuwa anapigwa fimbo bila kuulizwa sababu. Donatien alisoma jina la rafiki, akainama kidogo, akajijibu mwenyewe na sauti ingine: « Présent. » Mwalimu alihesabu vichwa, wote wawili wakapigwa. Nyumbani tulicheka hadithi ile miaka makumi ine. Leo Mathilde anaiandika na hajui tena kama ni ya kucheka.

Katika 1955 alipanda treni kwenda Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na kutoka 1961 alikuwa karani katika ofisi ya zone moja ya muji, ile yenye wakati ule iliitwa commune. Alifanya kazi pale miaka makumi tatu na sita, kwenye dirisha lilelile. Alikuwa na shati mbili nyeupe na kalamu moja ya wino, na hakuna muntu aliyemuona na shati chafu. Watu walikuja kuandikisha watoto, ndoa na vifo. Aliwaambia kila mara: karatasi haina haraka, haraka ni ya wewe.

Tarehe 11 mwezi wa nane 1962 alifunga ndoa na Marie-Jeanne, ambaye ameketi hapa mbele yetu. Mungu aliwapatia watoto wane, wawili wakabaki: Bertin na Emmanuella. Marie-Jeanne anasema katika miaka yote ile bwana yake alimudanganya mara moja tu, juu ya bei ya radio. Ndiyo maana mambo yenye yanafuata yalimuchanganya kuliko wote.

Mwisho wa 1996, vita ilipopanda huko mashariki, basoda, ndiyo askari, wa camp ya karibu walitumwa mbele, upande wa Kalemie. Bibi zao walibaki bila kitu. Ofisi ya zone ikaamua kuwasaidia: kila siku ya posho, bibi wa soda mwenye kuwa vitani apate bunga, maharagi na mafuta kidogo, na bunga ipimwe na meka, lile kopo la sokoni. Donatien alipewa liste. Yeye alisoma jina, maman akaitika, meka ikajazwa. Pale ndipo jina « Papa wa liste » lilitoka. Batoto wa camp walimuimbia wakimuona kwenye njia.

Liste ilikuwa na sheria moja. Soda akikufa, jina la bibi yake linakatwa, na bibi anapewa karatasi ya kutuma Kinshasa, serikali kubwa imusaidie. Donatien alikuwa ametuma karatasi Kinshasa tangu ujana wake, na alijua kama hazirudi.

Siku ya posho, tarehe 18 mwezi wa kwanza 1997, asubuhi, mukubwa wa camp alimuletea karatasi yenye kutoka kwa phonie, ile radio ya basoda. Ilikuwa na majina kumi na moja ya basoda waliokufa. Aliambiwa akate bibi zao na awajulishe. Nje, bamaman walikuwa wameisha kupanga mustari na sufuria zao. Donatien alikunja karatasi, akaiweka mufukoni, akafungua dirisha, akasoma majina yote kama siku zote. Bibi wale kumi na mmoja waliitika, wakapata bunga. Jioni alinakili majina ya wale wafu katika cahier ndogo ya buluu.

Alifikiri nini? Mathilde anaweza kusema tu yale aliyoambiwa baadaye. Alifikiri batoto wakule kwanza, vita iishe, halafu atapita nyumba kwa nyumba na kusema. Vita ilifika kwetu mwezi wa ine, camp ikamwagika kwa siku mbili, bamaman wakatawanyika, wengine Zambia, wengine hatujui. Hakubaki muntu wa kuambia.

Mwezi wa tisa 1997 Bertin aliwaleta wazazi wake hapa Bruxelles, juu ya ugonjwa wa sukari wa papa yake. Walikaa Evere, étage ya tano. Donatien hakuzoea. Alipanda bus akashuka mwisho wa njia bila kujua sababu, na dereva akamurudisha. Kila Jumapili alikuja Laeken kwa Mathilde, akikaa na kanzu yake ya baridi mwilini, kama muntu mwenye kungojea kuitwa.

Bertin anasafisha maofisi karibu na Schuman. Mwezi wa tano 1998 alirudi na mwenzake wa kazi, maman kijana wa Butembo mwenye bwana yake alikuwa soda kwetu, akitaka kumusalimia muntu wa Lubumbashi. Ni Précieuse Kahambu. Alipofika mulangoni alishika mukono kwa kinywa.

« Papa wa liste! Ni weye, ao macho yangu? »

Alicheka, akalia, akamupigia magoti. Aliwaambia wote namna Papa huyu aliwakulisha, namna siku moja alimuongezea meka ya pili bila sababu. Donatien alimuinua, akaenda mwenyewe kumuletea maji. Tulisema ni unyenyekevu.

Toka pale Kahambu alikuja kila siku ya Mungu baada ya misa, na batoto wake wawili na mboga ya lengalenga yenye alipata kwa shida. Alikuwa mutoto wa nyumba. Alisema kila mara kama bwana yake, Sergent Waziri, alikimbia na wengine, kama iko Angola, kama atapiga simu. Constant, mwanaume muzuri mwenye kuendesha camion, alimuomba ndoa mara mbili, na mara mbili Kahambu alimujibu kama yeye ni muke wa muntu. Na kila mara, mbele ya kuaga, alimuuliza Donatien jambo moja.

« Papa, jina yetu ilibakia ku liste mpaka mwisho? »

« Ilibakia, maman. Mpaka mwisho. »

Akarudi kwake na furaha.

Mwezi wa kumi 1998 Kahambu alienda ku commune kuomba musaada wa batoto, na akamuomba Donatien amusindikize, juu yeye ni muntu wa makaratasi. Donatien alivaa shati nyeupe, akachukua kalamu. Mwanamuke wa nyuma ya kioo alikuwa mupole. Alipofika pa ndoa aliuliza kama madame ameolewa ao ni mujane, na Kahambu akamugeukia Donatien, juu yeye alishika liste. Mathilde alikuwa pale. Aliona ndugu yake amesimama upande wa nje wa dirisha, mara ya kwanza maishani. Mwanamuke aliuliza tena.

« Mariée. Ameolewa, » Donatien akasema.

Nyumbani hakula. Alimuambia Mathilde, dada yake mukubwa: « Yaya, nimemufunga mara ya pili. » Mathilde alifikiri ni sukari imepanda, akamupatia maji.

Baada ya Noël ugonjwa ulimuangusha. Mukono wa kuume ulikufa, ule wa kuandika. Katika hospitali alikuwa anasoma majina tangu asubuhi, majina kumi na moja ya bamaman tusiowajua, akingoja baada ya kila jina. Alimuita Marie-Jeanne na jina la muke mwingine, na Marie-Jeanne, juu ya aibu na hasira, alitoka ku couloir. Tulifikiri ana bibi za siri kumi na mmoja. Mungu atusamehe. Mathilde ndiye alipata cahier ya buluu ndani ya kanzu, akasoma, akaelewa nusu tu.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka huu, siku ya Mungu, akili ilirudi. Alimuomba Kahambu akae karibu. Alimuambia pole pole, neno kwa neno, kama Sergent Waziri alikufa upande wa Kalemie.

Kahambu hakupiga kelele. Aliuliza: « Ulijua siku gani? »

« Le dix-huit janvier, siku ya posho. Asubuhi. »

Alihesabu na vidole. « Siku ile njo uliniongezea meka ya pili. »

« Ndiyo, maman. »

« Na nilicheka na weye. Nilikuambia Mungu akubariki. »

Donatien alisema ndiyo. Kahambu alisimama, akapanga vizuri mufuniko wa kitanda kwenye miguu yake, kama kawaida, akatoka. Hakurudi. Donatien aliangalia mulango siku zote zilizobaki. Alikufa siku ya ine ya juma, tarehe 4 mwezi wa pili 1999, saa tisa za mchana, na miaka makumi sita na miwili, akiwa na sakramenti.

Sisi wa nyumba tumebishana mengi juu yake wiki hii. Bertin anasema ni huruma. Marie-Jeanne anasema muke kukula bunga ya mufu bila kulia mufu wake si huruma. Mathilde anasikia wote wawili wana haki, na hapo anachoka.

Juzi Kahambu alifika kwenye kilio. Alivua viatu, akaketi chini kwenye mukeka, karibu na Marie-Jeanne, bila kusalimia. Alilia sana, na hatukujua analia nani. Halafu alimuambia Mathilde: « Maman, karatasi yenye mutasoma, mutie na jina ya bwana yangu. Yeye hakuliliwaka. » Mathilde alimuuliza kama amesamehe. Akajibu: « Siyui, maman. Acha kwanza nilie. »

Basi tumetia.

Papa Donatien ameacha bibi yake Marie-Jeanne, watoto wake Bertin, hapa, na Emmanuella, Lubumbashi, mwenye kukosa njia juu ya vita hii ya pili, wajukuu watano, na dada yake Mathilde, aliyemufundisha kuandika herufi ya kwanza. Ameacha pia cahier. Majina kumi yaliyobaki hatutayasoma hapa, juu muke hapashwi kusikia habari ya bwana yake akisimama kwenye kaburi la mwingine. Kama wewe, ao ndugu yako, ulipokea bunga kwenye lile dirisha na bwana hajarudi, umuone Bertin. Usikuje peke yako.

Na tunamulilia leo Sergent Désiré Waziri, aliyekufa upande wa Kalemie mwanzoni mwa 1997, bwana wa Précieuse Kahambu, baba wa watoto wawili.

Mungu awapokee wote wawili, kila mumoja kwa jina lake, wapumzike.